Shajara ya mradi: kusaka vifuko vya figo kwenye mkojo, Dodoma

Februari, mwishoni

Supavaiza kasema kila kitu kiandikwe, hata kile unachoona hakina maana, sasa daftari la maabara lina sheria zake, safu za tarehe, sahihi, hairuhusiwi kufuta, kwa hiyo naweka hii ya pembeni nayoandika kama navyoongea.

Mradi ni huu. Seli za figo zinamwaga vifuko vidogo sana kwenye mkojo. Tunataka kujua kama mtu anaweza kuvitoa akiwa hapa Dodoma na vifaa vya kawaida, na vikatoka safi kiasi cha kuaminika. Basi. Hatutibu mtu, hatutangazi kipimo kipya. Sentrifuji ile ya kuzungusha mpaka 100,000 g (yaani mara laki moja ya mvutano wa dunia), ambayo karibu kila pepa inaitaja kama vile kila mtu anayo jikoni, sisi hatuna. Tuna ya kawaida yenye friji ndani, inafika 10,000 g na hapo inaanza kulalamika.

Kwa atakayesoma baadaye bila kujua tunaongelea nini: karibu kila seli ya mwili inatoa hivi vifuko. Vile vidogo, nanomita 30 hadi 150, vinatengenezwa ndani ya seli halafu vinasukumwa nje, hivyo ndo wanaita eksosomu. Vingine vinachomoza kwenye utando wa seli wenyewe na kukatika, vinaweza kufika nanomita 1,000. Halafu kuna mabaki ya seli zinazokufa, hayo makubwa zaidi. Ndani yake kuna protini, mafuta, vipande vya RNA (nakala za maagizo ya jeni), yaani sampuli ya kilichokuwa kwenye seli wakati huo. Mwaka 1983 watu wa Montreal waliviona vikitoka kwenye seli changa za damu ya kondoo, na kwa muda mrefu watu wengi walichukulia kwamba ni taka tu, seli inafagia nyumba. 2007 kikundi cha Sweden kikaonyesha kwamba RNA iliyomo inaweza kuingia kwenye seli nyingine na kufanya kazi huko. Hapo kila mtu akageuza shingo.

Upande wa figo, kazi ya kuijua ni ya 2004, Pisitkun, Shen na Knepper kule Marekani. Walichukua mkojo wa watu wazima wa afya, wakatoa vifuko, wakakuta protini 295, na kati yake kuna zinazotoka kila kona ya nefroni (kile kichujio kidogo cha figo na mrija wake), kuanzia seli za podosaiti kwenye chujio mpaka akwaporini-2 ambayo ni mlango wa maji kule mwisho wa mrija. Sasa fikiria, ili uone hizo protini kawaida unamchoma mtu sindano mgongoni unatoa kipande cha figo. Hapa mtu kakojoa tu kwenye kopo.

Na sababu ya kuhangaika ni kreatinini, ile taka ya misuli inayopimwa kwenye damu kuona figo inachujaje. Ndo tunayoitegemea kila hospitali, ni rahisi, lakini inachelewa, figo inaweza kupoteza karibu nusu ya kazi yake kreatinini bado iko ndani ya viwango na mtu anaambiwa uko sawa nenda nyumbani. Huku kwetu presha na sukari vimejaa, afu dawa za maumivu watu wanameza kama karanga. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa hapa mjini inapandikiza figo tangu 2018, jambo kubwa, lakini kila mtu anayefika hatua ile alianza sehemu ambayo hakuna aliyeona.

Machi, wiki ya mwanzo

Kibali cha maadili kimetoka. Leo nimekaa kliniki kuomba mkojo.

Hii kazi ya kuomba mkojo haipo kwenye pepa yoyote. Vijana wanaona aibu, akina mama wanauliza kama watalipwa, wazee wanataka kujua kwanza wewe ni mtoto wa nani. Kuna mzee mmoja wa Chamwino, nimemwamkia shikamoo mzee, akasema marahaba, mbukwa, nikajibu mbukwa, akafurahi kweli kuona najaribu, halafu akauliza swali ambalo mpaka sasa ndo bora kuliko yote niliyoulizwa kwenye proposo: "Sasa mwanangu, huo mkojo ukishautazama, utanijia na jibu au utapotea nao?"

Nikamwambia ukweli. Babu, kwa huu mradi hutapata jibu la ugonjwa wako, jibu lako ni lile la kliniki, kreatinini na albumini (protini ya damu, tunaangalia kama inavuja kwenye mkojo) kama kawaida, huku sisi tunajifunza njia. Akakaa kimya kidogo akasema basi chukua, mkojo si ng'ombe. Nimeiandika hapa kwa sababu supavaiza kacheka sana akasema iwe kwenye shukrani za tasnifu.

Kitu cha kiufundi cha leo: tunachukua mkojo wa pili wa asubuhi na sio ule wa kwanza. Kuna kazi ya 2006 iliyolinganisha ya kwanza na ya pili ikakuta vifuko havipishani kwa maana, na ya pili ni rahisi, mtu anafika kliniki anakojoa pale pale, kopo linaingia kwenye barafu. Ukimwambia mtu alete wa nyumbani utaletewa chupa ya soda iliyopigwa jua kuanzia Hombolo.

Machi, katikati

Soksi.

Naeleza. Bila sentrifuji kubwa, njia tuliyochagua ni kolamu ya kutenganisha kwa ukubwa. Unajaza chembe za jeli kwenye bomba, unamimina sampuli juu, vitu vikubwa haviingii kwenye matundu ya jeli vinapita pembeni vinawahi kutoka, vidogo vinaingia na kutoka kila tundu vinachelewa. Jeli inaitwa Sepharose CL-2B. Kolamu za kununua zilizojazwa tayari bei yake sitaki hata kuiandika. Lakini 2014 watu wa Amsterdam waliandika jinsi ya kutengeneza yako kwa sirinji ya mililita 10, na pale chini ya sirinji ili jeli isimwagike waliziba na kipande cha soksi ya nailoni ya kike. Iko kwenye pepa kabisa, sio utani.

Basi nimeenda Majengo sokoni. Dada muuzaji ananiuliza saizi, nikamwambia yoyote ila iwe laini na isiwe na rangi, akaniangalia, nikasema ya kazi, akaniangalia tena. Nikalipa nikaondoka, maelezo mengine yangeharibu zaidi.

Jeli yenyewe ilikuja na rafiki yetu kutoka Dar, kapakata boksi la barafu kwenye treni ya SGR, safari haifiki masaa manne, zamani kwenye basi ungefika na boksi la maji ya uvuguvugu. Hii treni kwa watu wa maabara ni mkombozi jamani, hakuna anayeisemea kwa upande huo.

Machi, mwishoni

Kolamu zimejazwa. Kabla ya kuweka mkojo wa mtu lazima ujue vitu vinatoka wapi. Wengi wanatumia dekstrani ya bluu kuonyesha mstari wa mbele, ila kwa CL-2B hiyo hapana, matundu yake ni makubwa kiasi kwamba dekstrani ile inaingia ndani na kuchelewa, itakudanganya mbele iko wapi. Tumetoa kolamu moja kafara, tukaipa maziwa yaliyotolewa mafuta tukayazimua kwa bafa, maji ya chumvi yanayoshikilia pH. Zile chembe za kasini kwenye maziwa nyingi ziko nanomita mia na kitu, ukubwa ule ule tunaoutafuta. Nyuma yake tukapitisha vitamini B12 ya sindano kutoka famasi, ile nyekundu, molekuli ndogo kabisa.

Aisee ilipendeza. Weupe umetoka kwanza, umebana vizuri kwenye matone machache, kisha maji matupu hayana kitu, kisha mwishoni kabisa wekundu umejivuta taratibu. Kila mtu maabara alikuja kuangalia mpaka mama wa usafi. Hizo kolamu zimetugharimu hela ya chipsi ukiacha jeli. Naweza kusema hivi bila kuogopa: kwa sehemu kama yetu hii ndo njia, wanaosubiri mpaka wanunuliwe sentrifuji ya mamilioni watasubiri mpaka wastaafu.

Yule kolamu wa maziwa kastaafu, harudi kwenye kazi.

Aprili

Mkojo wa kwanza wa kweli. Hatua zetu: 2,000 g kutoa seli na uchafu, kisha 10,000 g kutoa makubwa, kisha chujio la kilodaltoni 100 kupunguza maji mpaka ibaki nusu mililita, ndo inaenda kwenye kolamu, tunakusanya nusu mililita nusu mililita kwenye vichupa.

Na hapa ndo tumekutana na uromodulini.

Hii ni protini inayotengenezwa na figo yenyewe, kwenye ile sehemu nene ya mrija inayopanda, na kwa mtu mwenye afya ndo protini nyingi kuliko zote kwenye mkojo. Tamm na Horsfall waliielezea 1950. Ina kazi nzuri, inanasa bakteria wasipande juu. Shida ni kwamba inajiunga nyuzi kwa nyuzi, inavutika, na vifuko vyetu vinanasia humo, ukitaka picha nzuri fikiria mlenda, ule wa kwetu Dodoma uliopikwa ukakolea, sasa tupia ulezi ndani halafu ujaribu kuutoa bila mlenda. Ukizungusha ile 10,000 g nyuzi zinashuka chini na vifuko vyako zinashuka navyo, unamwaga kimiminika cha juu ukidhani umebeba mali kumbe mali imebaki chini. Na kwenye chujio inaziba, sampuli ya mwanamama mmoja imekaa kwenye chujio mpaka tukaenda kunywa chai tukarudi bado iko pale pale.

Wengi wanatumia kemikali inaitwa DTT kukata zile nyuzi. Inafanya kazi, harufu yake ni ya yai viza, dirisha lifunguliwe. Lakini mimi siipendi, kwa sababu inavunja vifungo vya salfa kwenye protini zote bila kuchagua, na baadhi ya antibodi (protini zinazoshika kitu kimoja maalumu) tunazotegemea kutambua vifuko zinashika sehemu ambayo umbo lake linashikiliwa na vifungo hivyo hivyo. Yaani unasafisha nyumba kwa kuvunja milango.

Nimebishana na supavaiza juu ya hili karibu wiki nzima, kwa heshima.

Aprili, mwishoni

Tumekubaliana kujaribu bila DTT. Uromodulini inajiunganisha zaidi kwenye chumvi nyingi, kalsiamu, na pH ya chini. Kwa hiyo geuza yote matatu: punguza mkojo kwa bafa isiyo na chumvi nyingi, weka kemikali ya EDTA ishike kalsiamu, pandisha pH kidogo juu ya 8. Kisha ndo uzungushe.

Na hapa Dodoma kuna kitu ambacho pepa za Ulaya hazitakwambia. Maji ya visima huku yana chumvichumvi, kila mtu anajua, birika la chai linaota ukoko mweupe. Vyombo vya maabara vilikuwa vinasuuzwa na maji ya bomba halafu vinakaushwa, ule ukungu mweupe kwenye kioo ni kalsiamu hiyo. Tumeweka sheria, kila chombo kinachogusa mkojo msuuzo wa mwisho ni maji yaliyochujwa, na mama wa usafi ndo msimamizi wa sheria, hana mchezo, hata supavaiza karudishwa na bika yake.

Matokeo: chujio halizibi tena kwa sampuli nyingi. Tope lile chini ya sentrifuji limepungua ukiangalia kwa macho tu.

Mei

Umeme ulikatika usiku, friza la hasi 80 lilishikilia mpaka jenereta ikawaka, mlango haukufunguliwa, sampuli salama. Naandika kwa sababu kuna watu wanauliza kwa nini tusitumie friza la kawaida la hasi 20 ambalo ni rahisi. Ile kazi ya 2006 ilijibu hili pia, mkojo uliokaa hasi 20 ulipoteza sehemu kubwa ya vifuko, uliokaa hasi 80 ukatikiswa kwa nguvu baada ya kuyeyuka karibu vyote vilirudi. Mtikiso ni muhimu, vifuko vinanata kwenye kuta za kichupa na kwenye zile nyuzi. Kwa hiyo hapa hakuna kubana matumizi.

Mei, katikati, siku ya kusoma

Kolamu zinaoshwa, nimekaa na pepa. Naandika nilichoelewa kuhusu upande wa ugonjwa wenyewe kwa sababu watu wanadhani hivi vifuko ni kipimo tu. Sio kipimo tu. Ni washiriki.

Chukua seli ya mrija wa figo iliyokosa oksijeni. 2013 walionyesha kwenye panya na kwenye seli kwamba ikiumia inatoa vifuko zaidi, na ndani vimebeba mRNA (RNA yenye maagizo ya kutengeneza protini) ya TGF-beta1, protini inayochochea kovu, vikifika kwa zile seli za tishu za pembeni zinaamka zinaanza kutengeneza nyuzi za kovu. Kovu likishika figo halirudi. Chukua nyingine: mtu ana albumini inayovuja kwenye mkojo, ile albumini ikimezwa na seli za mrija zinatoa vifuko vyenye mRNA ya CCL2, protini inayoita seli za kinga, na vifuko hivi vinakwenda kuamsha makrofaji, seli za kinga zenyewe, uvimbe unaanza, hiyo ni ya 2018. Sasa unganisha. Chujio linavuja, albumini inashuka, mrija unaumia, mrija unatuma vifuko vinavyoleta uvimbe na kovu, kovu linabana nefroni nyingine. Ndo maana ugonjwa wa figo unaendelea hata pale kilichouanzisha kimeshadhibitiwa, presha imeshuka, sukari iko sawa, bado figo inazidi kwenda. Sio hiyo peke yake, sababu ni nyingi, ila hii ni njia moja ambayo sasa unaweza kuigusa kwa mkono.

Halafu mishipa. Mgonjwa wa figo wa muda mrefu mara nyingi anakufa na moyo kabla figo haijaisha. Kalsiamu na fosfeti zikipanda, seli za misuli ya ukuta wa mshipa zinatoa vifuko ambavyo vimekosa zile protini za kuzuia madini kuganda, kama fetuini-A, na fuwele za kalsiamu fosfeti zinaanzia humo humo, mshipa unageuka mgumu. Na kwenye damu yao kuna vifuko vingi vyenye fosfatidilserini nje, mafuta ambayo kawaida yanakaa upande wa ndani wa utando, hayo yakiwa nje yanasaidia damu kuganda.

Upande mzuri nao upo. 2009 watu wa Torino walichukua vifuko kutoka seli shina za uboho, wakawapa panya walioharibiwa figo kwa gliseroli, figo zikapona haraka, na walipovunja RNA iliyomo kwanza, faida ikapotea. Kwa hiyo kilichofanya kazi kilikuwa ile RNA.

Kitu kimoja ndo kimenikaa kichwani kuliko vyote. Chujio la figo likiwa zima, vifuko vya damu kwa sehemu kubwa havipiti, kwa hiyo vya kwenye mkojo unajua vimetoka kwenye figo na njia ya mkojo, hiyo ndo raha yake. Chujio likiharibika, uhakika huo unapungua, vya damu vinaweza kujichanganya. Yaani unapomhitaji shahidi zaidi ndo anapoanza kuchanganya habari. Kila anayelinganisha mgonjwa na mzima anatakiwa ajibu hilo kwanza, na pepa nyingi nilizosoma zinaliruka.

Juni

Tumefanya doti, yaani unadondosha tone la kila kichupa kwenye karatasi ya nitroselulosi unapitisha antibodi. Ni ya bei rahisi na haitaki mashine. Mwongozo wa ISEV, jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa hivi vifuko, toleo la 2018 na lile jipya la 2023, unataka uonyeshe protini za kwenye utando wa kifuko, za ndani yake, na pia uonyeshe uchafu uliobaki ni kiasi gani. Hiyo ya tatu ndo watu wanaipiga chenga. Kifaa cha kuhesabu chembe hatuna, na hata kingekuwepo chenyewe kinahesabu chembe tu, hakijui hiki ni kifuko na hiki ni kipande cha uromodulini.

Sisi tumeweka protini ya CD9 kwa utando, TSG101 kwa ndani, podokaliksini (ya podosaiti) na akwaporini-2 kuonyesha ni vya figo, halafu albumini na uromodulini kama uchafu.

Watu wazima wa afya: safi. CD9 na TSG101 ziko kwenye vichupa vya mwanzo pale pale maziwa yalipotoka, albumini iko nyuma huko, katikati kuna pengo. Akwaporini-2 inaonekana wazi, podokaliksini hafifu lakini ipo. Uromodulini bado ipo kidogo na vifuko, siwezi kudanganya, imepungua haijaisha. Ile ya bila DTT imeshika CD9 vizuri kuliko ile ya DTT, tukaweka karatasi mbili mezani upande kwa upande, supavaiza akaangalia, akasema "haya, endelea na yako." Nimeinunulia maabara nzima soda.

Wagonjwa wenye albumini nyingi kwenye mkojo: hapo ngoma nzito. Albumini ni nyingi mpaka mkia wake unarudi mbele mpaka kwenye vichupa vya vifuko. Kwa hiyo wale wale tunaowahitaji ndo sampuli zao chafu. Ukipima protini yote ukasema "vifuko vimeongezeka kwa mgonjwa" utakuwa umepima albumini. Hili sio dogo. Nina wasiwasi na baadhi ya matokeo ya watu yanayotumia njia ya kushusha vifuko chini kwa kemikali tu, maana ile inashusha kila kitu pamoja.

Juni, mwishoni

Binamu kapiga kutoka Singida. Kuna mtu anamuuzia mama yake mdogo "sindano ya eksosomu" ya kusafisha figo, kaona mtandaoni, picha za kung'aa. Ananiuliza kaka si ndo hiyo unayofanya?

Nimemwambia hapana, na mwambie mama asitoe hela. Hamna dawa ya eksosomu iliyoidhinishwa kutibu figo. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo la wazi juu ya hizi bidhaa baada ya watu kuumia. Majaribio ya kweli kwa binadamu yapo, mfano Misri 2016, wagonjwa 40 wa figo hatua ya tatu na ya nne walipangwa makundi, wengine wakapewa vifuko vya seli shina za kitovu, na vipimo vya figo vya waliopewa vikawa bora. Inatia moyo. Lakini ni watu 40. Na walijua wanachochoma, kilipimwa, sio kichupa kinachouzwa kwa namba ya simu. Mimi mwenyewe nimekaa miezi hapa na mkojo nashindwa kusema kichupa changu ni safi asilimia ngapi, huyo wa mtandaoni kajuaje.

Akasema sawa kaka, nitamwambia ila unamjua mama. Namjua. Nimempigia mwenyewe jioni, shikamoo mama mdogo, tukaongea habari za shamba kwanza, kisha dawa zake za presha, kumbe alishaanza kuziruka siku moja moja kwa sababu anangojea sindano. Tumeelewana arudi kwenye dawa na aende kupima kreatinini na mkojo Singida mjini.

Julai

Upepo wa Dodoma huu, vumbi linaingia mpaka kwenye maabara iliyofungwa madirisha, tunafunika kila bika.

Wiki hii tumeongelea wingi wa vifuko ugawanywe kwa kipimo gani ili watu walinganishwe sawa. Mtu aliyekunywa maji mengi mkojo wake umezimuliwa, vifuko kwa mililita vinaonekana vichache, yule aliyetembea na jua bila maji mkojo mzito vinaonekana vingi, na huku kwetu watu wengi ni wa kundi la pili. Wengi wanagawa kwa kreatinini ya mkojo. Ni sawa kwa kulinganisha mtu na yeye mwenyewe. Kulinganisha watu, kreatinini inategemea misuli, mzee aliyekonda na kijana wa kubeba zege hawawezi kugawiwa sawa. Na kuna kazi za karibuni zinazoonyesha kiasi cha vifuko kinafuata wingi wa nefroni zilizobaki, maana yake mgonjwa anaweza kutoa vichache kwa sababu tu nefroni zimebaki chache, sio kwa sababu seli imebadili tabia. Kwa hiyo tumeamua hatutaongelea wingi kabisa kwenye mradi huu. Tutalinganisha protini ya figo dhidi ya protini ya kifuko, ndani ya kichupa kile kile. Podokaliksini kwa CD9. Inapunguza tunachoweza kudai, lakini kinachobaki kinasimama.

Supavaiza kaniuliza, sasa tasnifu itasema vifuko vya wagonjwa vinatofautianaje? Nikamwambia itasema njia ya kolamu na EDTA inatoa vifuko vinavyokubalika kwa mtu asiye na albumini kwenye mkojo, na itaonyesha inapokwama kwa mwenye nayo. Akasema hiyo ni tasnifu ya kinyonge kidogo. Nikasema ndiyo dokta, ila mtu wa Mwanza au Mbeya akiichukua itafanya kazi kesho yake. Hakujibu, kachukua kalamu kaanza kusahihisha sura ya pili, ambayo kwa anayemjua hilo ni jibu.

Julai, mwishoni

Kwa sampuli zenye albumini nyingi tunajaribu kolamu ndefu zaidi, sirinji mbili zimeunganishwa, sampuli ndogo zaidi juu, na kichupa cha vifuko kinapitishwa mara ya pili. Soksi zimeisha, naenda Majengo Jumamosi. Antibodi ya podokaliksini imebaki ya karatasi chache, nyingine iko Dar inasubiri mtu anayekuja na treni. Babu wa Chamwino ana kliniki wiki ijayo, nimemwekea kopo lake pembeni na karatasi ya kumweleza tumefika wapi, kwa maandishi makubwa.